Mita Moja na Nusu

Mimi nanoa. Baiskeli yangu
ikisimama ndipo inapofanya kazi:
naiinua kwa stendi, nahamisha mnyororo,
jiwe linazunguka, cheche zinaruka.
Ikitembea ni kengele tu
na kikapu cha visu vya jikoni mwa watu.

Mtoni hadi Keko, saa kumi na moja jioni,
magari yamelala pua kwa mkia.
Dereva wa lori la saruji kazima injini,
anamenya chungwa, hana haraka tena na mtu.
Napita ubavuni pake
kwenye mita moja na nusu
waliyotuchorea siku ya ufunguzi,
rangi ya manjano, na picha ya baiskeli
isiyo na mtu.

Napita mpaka kwa Zamoyoni.
Hapo njia imegeuka chumba cha kulala:
kitanda sita kwa sita, kabati la vioo,
sofa ndani ya nailoni likimngoja bibi harusi.
Nabeba baiskeli begani kama mtoto mgonjwa,
kabati linanionyesha nilivyo,
na Zamoyoni, bila haya:
"Fundi, randa yangu butu."
Nami, bila haya, nashusha, nainoa.
Mia tano ni mia tano.

Kikao kilikaa chini ya bati la ofisi ya mtaa,
viti vya kuazima, bado vina ubani wa msiba.
Bi Nandonde, mwenyekiti, akasoma safari ya barua:
ilikwenda kata,
kata ikaipeleka manispaa,
manispaa ikasema hiyo ni ya wakala,
wakala akauliza, ramani mnayo?
Ikarudi na mihuri mitano,
imenenepa kuliko ilivyoondoka,
na chini, kwa kalamu nyekundu, neno moja:
Imeonekana.

Sikudhani wa mikate hakucheka.
"Mwanangu alivunjika paja pale,
alikwepa kitanda, akakutana na bajaji.
Na hilo paja, limeonekana?"

Zamoyoni akasimama. Tulijua atatukana.
Akasema polepole, akitazama viatu vyake:
"Vitanda nikivirudisha ndani, nani ataviona?
Mteja wangu ni yule aliyekwama.
Hii foleni mnayoilaani
ndiyo imenisomeshea wanangu."

Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo.
Mimi pia sikuwa nalo, na mfukoni
nilikuwa na mia tano yake.

Tulibishana mpaka adhana ya isha.
Nani alitaja chokaa, leo kila mtu anadai ni yeye.
Jumamosi usiku tukabeba ile ya uwanja wa mpira,
ndoo mbili, ufagio, tochi za simu.
Uzi alileta Zamoyoni, na futi kamba.
Alipima mwenyewe, amechuchumaa:
mita moja na robo.
Sikudhani aliona. Nami niliona.
Tukamwaga chokaa hapo hapo alipopima.

Mvua ya Jumanne ikaufuta.
Jumamosi tukarudi.
Safari hii ilifika robo, na shubiri moja juu.

Akaja bwana wa wakala, shati limenyooshwa,
amechelewa saa mbili kwa foleni.
"Nani amewapa ruhusa ya kuchora?"
Bi Nandonde akaingia ndani,
akatoka na barua, akamwonyesha wino mwekundu.
Bwana akaisoma mara mbili.
Akaomba maji ya kunywa.

Watu huniuliza, mstari gani huo
unaokufa kila mvua ikinyesha?
Nawajibu nikiwa juu ya kanyagio, jiwe likiimba:
nimenoa visu miaka ishirini na mitatu,
sijakutana na kisu kilichonolewa mara moja
kikatosha.
Makali huliwa na nyama, na vitunguu, na kukaa tu.
Kisha mtu husikia kengele yangu
akatoka nacho mlangoni.

Leo Ijumaa. Mawingu yamekaa Pugu.
Ndoo ziko kwangu, nyuma ya mlango.
Zamoyoni ameshapita mara mbili
kuuliza kama chokaa ipo.